Mia Sita na Arobaini Haiingii Kwenye Sifuri Nukta Tisa

Nje ya kibanda cha kinyozi kuna benchi la mbao ambalo mguu mmoja umewekewa tofali, na hapo ndipo mambo ya dunia huamuliwa kila asubuhi bila dunia kujua. Kinyozi mwenyewe anaitwa Injinia. Hakusomea uhandisi; aliwahi tu kuipiga kofi feni ya jirani, ikazunguka, na kijiwe kikampa cheo. Siku ya kwanza alikikataa kwa aibu. Siku ya pili alikuwa anageuka akiitwa. Wenzake ni Mwalimu Nusu, aliyefundisha muhula mmoja akimshikia mtu nafasi; Gia Tano, dereva wa lori aliyestaafu; na Bibi Birika, anayeuza kahawa huku akibishana, na wateja hawajui kipi hasa ndicho biashara yake.

Asubuhi hiyo Injinia alikuwa babu mpya. Binti yake, anayefanya kazi nchi ya mbali, alikuwa amejifungua salama na kumtumia video ya mtoto. Kando ya video paliandikwa MB 640. Lakini simu ilikuwa imeshamwonya kwamba nafasi inakaribia kujaa, na alipochungulia kwenye mipangilio akakuta imebaki GB 0.9. Akazitazama namba hizo mbili kama mtu mwenye kabati kubwa na mlango mwembamba.

— Mzigo ni mia sita na arobaini, aliwaambia wenzake. Nafasi yenyewe haijafika hata moja.

Mwalimu Nusu aliomba simu, akaishika mbali na macho, akairudisha kwa huzuni ya daktari mwenye majibu mabaya.

— Hesabu haina huruma, alisema. Tena angalia herufi. G inatangulia, M inafuata baadaye. Ni kama madarasa, ukisonga mbele unapanda. MB ni mkubwa wa GB kwa herufi sita.

Gia Tano alipinga. Alisema amebeba mizigo maisha yake yote, na kila mzigo una kipimo kidogo na kipimo kikubwa, kilo na tani. Huenda hii GB ndiyo tani. Laiti angeishia hapo, kijiwe kingekuwa na heshima mpaka leo. Lakini aliona wanamsikiliza, akanogewa. Akaeleza kwamba mtoto anayerusha miguu ni mzito kwenye simu kuliko mtoto aliyelala, sawa na ng'ombe ndani ya lori, kwa hiyo binti aombwe arekodi upya mtoto akisinzia.

Bibi Birika alimmiminia kahawa ili anyamaze, kisha akatoa ya kwake. Simu, alisema, haina tofauti na mkebe wa unga. Ukiutikisa, unga unashuka na nafasi inapatikana juu.

— Itikise, baba.

Injinia akaitikisa. Mtu mzima, mwenye mjukuu, alisimama kando ya barabara akitikisa simu kwa mikono miwili huku wapita njia wakimpisha. Alipotazama, ilikuwa 0.9 ileile.

— Itikise kwa upande.

Akaitikisa kwa upande pia. Baadaye, kila alipoikumbuka asubuhi hiyo, hapo ndipo alipokuwa akijificha uso kwa kiganja.

Basi ikabaki kufuta. Injinia aliuliza kianze kipi, na kila mmoja akapendekeza cha mwenzake. Gia Tano alisema zifutwe picha za Mwalimu Nusu akihutubia mkutano wa mtaa. Mwalimu Nusu alisema ifutwe ile rekodi ya honi ya lori la Gia Tano. Injinia akafuta vyote, kusiwe na lawama. Kisha akaingia kwenye picha za mitindo ya nywele, zile anazowaonyesha wateja wachague. Kila kichwa alikuwa amekinyoa yeye. Akavifuta kimoja baada ya kingine, na ilikuwa kama kung'oa bango la duka lake kwa mkono wake mwenyewe.

Namba ikapanda hadi 1.4. Wote wakainama juu ya simu.

— Bado, alisema Mwalimu Nusu baada ya kuhesabu kwa vidole. Bado mia sita thelathini na nane nukta sita.

Vilivyobaki vilikuwa ujumbe wa sauti wa mke wake, aliyefariki mwaka uliotangulia. Injinia hakuwa amemwambia mtu kwamba anazo sauti hizo. Hazikuwa na maneno makubwa. Katika mmoja mke wake anamwagiza kiberiti. Katika mwingine anamwambia chakula kinapoa na yeye hamsubiri mtu. Aliusikiliza huo kila alipofunga kibanda, akiwa amewapa wenzake mgongo kana kwamba anatafuta funguo.

Sasa ikabidi awaambie. Bibi Birika alimsihi asifute, amsubiri mtoto mpaka aletwe amwone kwa macho. Injinia alisema binti hajui atapata ruhusa lini, na yeye umri unakwenda.

— Marehemu mwenyewe angeniambia nimtazame mtoto, alisema. Angenigombeza kwa kukawia.

Akashikilia kidole. Simu ikamuuliza kama ana hakika.

Wakati huo nyuma yao alikuwa amesimama fundi rangi mmoja, mgeni mtaani, nywele zimejaa matone meupe, akingoja kunyolewa na hakuna aliyemwona. Aliuliza kuna msiba gani. Wakamweleza wote kwa pamoja, herufi, ng'ombe na unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba hajaelewa hata kimoja.

— Ila samahani, mzee. Ukiibonyeza hiyo video, inasema nini?

Injinia alimtazama Mwalimu Nusu. Mwalimu Nusu alimtazama Gia Tano. Gia Tano aligeukia kikombe chake, na Bibi Birika akachungulia ndani ya birika ingawa alijua kahawa imekwisha. Asubuhi yote hiyo, hakuna aliyekuwa ameibonyeza.

Injinia akajibu hapana kwenye lile swali la simu, akarudi kwenye video, akaibonyeza. Kiduara kikazunguka taratibu, kikajaa, na mtoto akatokea. Alikuwa amekunja ngumi mbili na uso umekunjamana, kama mtu aliyeamshwa kusaini asichokielewa. Alirusha miguu. Aliendelea kuirusha, na simu haikulemewa.

Injinia alicheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akacheka tena.

— Jamani, mimi ni mjinga mwenye cheo, alisema.

— Usijitenge, Gia Tano alimjibu. Tuko wengi.

Chini ya video binti alikuwa ameandika kwamba mtoto ni wa kike na ana kilo 3.2. Mwalimu Nusu alisoma kwa sauti, akatikisa kichwa.

— Kadogo, alisema. Wa dada yangu alizaliwa na gramu elfu mbili na mia tisa.

Kila mtu alipiga hesabu yake kimoyomoyo, na hakuna aliyethubutu kuitamka. Injinia akairudisha video mwanzo.