Barafu ya Watoto wa Matumbawe

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao nje ya duka la kinyozi. Mimi na birika langu la kahawa hukaa mwisho wa benchi, penye kivuli, ili mwanangu apate kulala. Mimi namimina, wao wanazungumza. Kinyozi tunamwita Bunge, kwa sababu hakuna hoja inayompita. Fundi viatu ni Sindano, mdogo wa mwili, lakini akichoma unasikia. Leo walikuwa wananionea huruma, maana mume wangu hakurudi nyumbani kulala. Kazi yake ni kulea watoto wa matumbawe kwenye matangi ya kituo cha utafiti. Mtambo wa kupoza maji umeharibika, na wale wadogo wameanza kupauka.

— Shemeji, hao ni wake wenzako, akasema Sindano. Tena wengi, na hawaishi kuoga.

Nikacheka chini chini. Bunge akataka kujua jiwe linapaukaje. Nikamweleza kwa sauti ndogo, kama nilivyoelezwa nyumbani. Si jiwe, ni mnyama. Akiwa mchanga ni mdogo kama punje ya mtama, na ndani ya mwili wake anaishi mwani usioonekana kwa macho. Mwani unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, mtoto anakula, na rangi yake inatoka humo humo. Maji yakizidi joto, wanaachana. Mtoto anabaki mweupe, mzima bado, ila ana njaa.

— Kumbe ni mpangaji anayepika, akasema Bunge. Joto la jiko limemshinda mwenye nyumba, kamtoa nje.

Sindano akakataa. Kwa maoni yake mpangaji alihama mwenyewe, nyumba haina dirisha. Bunge akashauri basi watobolewe dirisha. Sindano akaona heri wanyolewe, kwani yeye akinyolewa hupoa mpaka miguuni. Hiyo Bunge aliipenda, akaanza kuuliza wana nywele kiasi gani.

Nikasema lipo na lingine. Moshi wa magari na viwanda unaingia baharini pia, maji yanakuwa makali, na mtoto anapata shida kujenga mifupa yake. Kisha Sindano akaahidi kuwashonea soli, mguu ukiwa imara mifupa itafuata.

Hapo likasimama lori dogo. Dereva akauliza njia ya kituo. Alikuwa amebeba barafu ya kupanga kuzunguka matangi, na alisema mtu aliyemwagiza alisikika kama anataka kulia. Nikajua ni mume wangu.

Badala ya kumwelekeza, Bunge alimkaribisha kahawa, wakaanza kumsimulia upya: mpangaji, dirisha, kunyoa. Nyuma ya lori maji yalikuwa yanadondoka. Nikayatazama matone. Nilitaka kusema, nikaona haya kuwakatiza wakubwa.

Dereva alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha kikombe.

— Wakipona, mnawapeleka wapi?

— Baharini, akasema Bunge. Si ndiko kwao.

— Na huko barafu atapeleka nani?

Sindano akaokota kiatu akakigeuza, kama vile jibu limeshonwa chini yake. Mwanangu akaamka, nikampa ziwa. Maji ya lori yakafika kwenye ndala zangu, baridi.

— Barafu inayeyuka, nikasema.

Nadhani sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu wote watatu waligeuka. Nikamwachia Bunge birika, nikapanda mbele ya lori, kando ya dereva, na mwanangu bado ananyonya.

— Kunja kushoto pale, kaka. Halafu twende upesi, ila kuna mashimo.

— Sawa, dada. Mshike vizuri mtoto.

Bunge alikuwa amesimama na birika mkononi, hajui ammiminie nani. Sindano alikuwa ameshaingia katikati ya barabara, kiatu cha mteja mkononi, anazuia magari ili tupite.