Nilimwambia Feza Nitarudi Kesho

Apewe sifa Mungu aliyenifundisha kutulia! Ndugu zangu, mnanijua: mimi ni Papa Feza, mtu wa miguu. Shule niliiacha darasa la tano, nikaenda kuona treni inakoishia. Nimeuza chumvi Kiambi, nimelima Niemba, nimetengeneza redio Nyunzu. Kila kitu nilitaka kukijua. Mtoto wangu ndiye sikumjua!

Binti yangu Feza ana miaka ishirini na miwili. Tangu mama yake afariki tunaishi wawili karibu na ziwa, naye anakausha ndakala, wale dagaa wetu. Anazipanga vichwa vyote upande mmoja. Mteja akizichanganya, anapiga kelele na kuziba masikio. Hasalimii kwa mkono, hamtazami mtu machoni. Wamama sokoni walimcheka: "Feza, hawa samaki wanaenda defile, kwenye gwaride?" Naye akajibu kwa uzito: "Hapana, Mama. Samaki hawana miguu." Kicheko kikageuka minong'ono: "Ule njo mulozi." Ndugu zangu, niliogopa! Hapa kwetu neno hilo, mchawi, linaweza kumletea mtu mawe.

Nikampeleka kwenye chumba cha maombi atolewe pepo. Nikamwambia, "Kaa hapa, nitarudi kesho tule pamoja." Ndivyo nilivyozoea kuaga, hata nikienda kwa mwezi. Nje, lori la Nyunzu lilikuwa linapakia. Miguu ikaniwasha, nikapanda.

Nilirudi siku ya tano. Nikamkuta ameketi mlangoni, midomo imekauka. Alikuwa amekunywa maji tu. Waombaji wakaniambia, "Papa, hii pepo ni ya nguvu, inakataa chakula." Feza akasema, bila kunitazama: "Papa, ulisema tutakula pamoja kesho. Nilingoja."

Nilimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, nikilia njiani kama mtoto. Muuguzi mmoja, mama aliyesomea mambo ya akili, akamtundikia chupa ya serumu. Siku zilizofuata aliongea naye polepole, nami akaniuliza habari za utoto wake. Mwishoni akasema: "Papa, binti yako hana pepo. Ubongo wake una namna yake ya kufanya kazi. Wanaita Asperger. Hiyo haifukuzwi. Sasa, nani alimuambia kesho?"

Ndugu zangu, ni mimi! Nilitaka Mungu atoe kitu ndani ya Feza, kumbe alitaka kutoa uongo kinywani mwangu!

Mama yule alinielekeza. Mwambie jambo waziwazi. Likibadilika, mjulishe mapema. Usimlazimishe mkono wala macho. Ni mtu mzima, muulize kabla ya kumwamulia. Na ukiahidi, andika. Nikanunua chaki. Sasa mlango wetu unasema: "Jumanne, saa nane, Papa anarudi." Na ninarudi! Lori likiharibika, naazima simu nimpe saa mpya.

Siwadanganyi, miguu bado inawasha. Nikisikia honi ya lori, moyo unaruka. Sokoni wengine bado wananong'ona. Lakini Feza anakula, anauza, na juzi aliniandikia yeye mwenyewe mlangoni: "Papa, kesho usiende." Sikwenda!

Wewe mwenye mtoto anayenyooshewa kidole, usimfungie mahali ukakimbia kama mimi. Mtumaini Mungu, uliza wanaojua, kisha kaa naye.

Leo Feza amekubali kuja hapa kanisani. Yuko pale karibu na mlango, mbali na spika. Nilimwandikia kwamba Papa atashuhudia dakika tano, halafu tutaenda kula. Tazameni, amekwisha kusimama, saa mkononi.

Asante, Yesu! Ninashuka.