Mbuzi Laki Tatu wa Dickson

Kijiweni kwetu Karatu, nje ya banda la Injinia la kutengeneza simu, kahawa ilishafika raundi ya pili Dickson alipofungua kompyuta na kushika kichwa. Dickson anajitolea ofisi ya mifugo. Gari la chanjo linaondoka saa nne kwenda Loliondo, na watu wa stoo wanasubiri awaambie wafungashe dozi za mbuzi wangapi. Kajiandikia programu ndogo ya Python: unaijazia mbuzi wa kijiji cha Enguserosambu, unaijazia wa kijiji cha Ololosokwan, inajumlisha. Aliijazia 320, akaijazia 180. Ikampa 320180.

— Laki tatu! — Injinia akapiga mluzi. — Hicho kirusi. Izime, uiwashe.

— Nimezima mara mbili, kaka.

— Siyo kirusi, — akasema Mzee Elisaria, aliyeendesha watalii miaka ishirini na bado anavaa ile kofia. — Imepiga hesabu pamoja na uzao. Mbuzi anazaa, mtoto naye anazaa.

— Kwa chanjo ya leo, mzee?

— Basi imeingia setilaiti, — Injinia akarudi. — Imehesabu na nyumbu wote wa kule mbugani.

Dickson akaandika type(mbuzi), kuiuliza hiyo 320 ni kitu cha aina gani. Jibu likaja: str.

— Ndiyo nini hiyo? — Injinia akauliza.

— Maandishi. Kumbe kila ninachokijaza inakichukua kama maandishi. Imeziunga tu, 320 halafu 180.

— Acha zako! 320 ni namba, hata mimi naiona.

— Wewe unaiona. Yenyewe lazima uiulize aina, halafu uigeuze.

Akaongeza int, yaani namba kamili. Akauliza aina tena: int. Jumla: 500. Tukampigia makofi, na mimi nilifurahi kweli. Akapiga simu stoo, ikabaki inaita.

Hapo akafika mama mmoja, Nailantei, mwenyeji wa Enguserosambu, aliyeahidiwa lifti ya gari hilohilo.

— Shikamoo mama. Kaa hapa. Mbuzi wenu 320 nimeshawaweka kwenye hesabu.

— Marahaba. Mia tatu na ishirini? Mwaka jana pia mlileta dawa ya mbuzi idadi hiyo hiyo. Iliisha kabla ya boma langu. Wangu walikufa kumi na wanne.

— Pole sana, mama.

— Aliwahesabu nani?

Dickson akaitazama ile 320 kwenye kioo, namba kamili kabisa.

— Haloo? — stoo wakaita kwenye simu. — Dickson, tufungashe ngapi?