Watasema Asitenganishwe na Subira

Waliokuwapo siku ile ni Mwandu, mtoto wa kwanza wa mayu Milembe, yaani mama Milembe. Januarius, mdogo wake. Benedikta, mdogo wao wa mwisho, akiwa na mtoto wake mchanga kifuani. Na mzee Khatibu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Bariadi mjini, aliyekuja kwa bodaboda na vumbi la njiani lingali kwenye kofia yake. Maganga, mume wa Benedikta, naye alikuwapo, ila hakuwa ndani. Alikaa nje, nyuma ya ukuta, chini ya kidirisha cha chumba cha mgonjwa, kwa sababu mkwe haingii alikolala mama mkwe wake, na mama mkwe hamtazami mkwe wake usoni. Ndivyo walivyokuta, na ndivyo walivyoishi.

Benedikta alimwinua mama yake, akamwegemeza kwenye mto. Aliona kwamba mzee Khatibu amevua viatu mlangoni ingawa sakafu ilikuwa ya udongo, na kwamba Januarius amegeuza kiti kilichovunjika mguu akakikalia yeye, ili mgeni akalie kile kizima. Mama alikuwa ameomba arudishwe kutoka hospitali ili aseme, na katika yale ya kusema lilikuwamo jambo la ng'ombe, na katika jambo la ng'ombe alikuwamo yeye Benedikta.

"Sikilizeni wanangu," mayu Milembe alianza, "na wewe Khatibu, mwenzangu wa nira moja, sikiliza, na yule aliye nyuma ya ukuta asikie pia, maana ukuta haujawahi kuwa na mkwe.

"Shamba la mtoni la pamba ni la Mwandu, alilime, asilikodishe kwa watu wa mbali wasiojua maji yanapitia wapi. Nyumba hii na kiwanja chake ni vya Januarius, kwa kuwa ndiye aliyebaki kunipikia uji bila kuambiwa, na uji wake una madonge, lakini nimeunywa. Hayo si ya kubishania. Mlikuwa mkiyajua hata kabla sijalala hapa. Ninalotaka kulisema leo ni la Watasema.

"Mwandu, mwanangu, usiinamishe kichwa. Juzi mlidhani nimelala, nikakusikia ukimwambia mdogo wako kwamba mama ni mtu mzima, msiba wake ni wa watu wengi, na hakuna mnyama wa kutosha watu wengi ila Watasema. Sikukasirika. Mtoto anayewaza watu wa mama yake watakula nini ni mtoto aliyelelewa. Lakini sikia: Watasema si ng'ombe mzima. Ni nusu. Nusu nyingine inaitwa Subira, nayo ni ya Khatibu, na ukimchinja mmoja umewaua wote wawili, maana maksai aliyezoea kukimbia kulia kwa mwenzake, mwenzake akiondoka, husimama tu zizini akitazama mahali palipo patupu. Nimemwona ng'ombe wa namna hiyo. Nimekuwa wa namna hiyo mimi mwenyewe tangu baba yenu alipotutoka.

"Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Baba yenu alikuwa akicheka akisema, ndiyo, ila waliosema hivyo hawakuwahi kuwaimbia. Yeye na Khatibu waliwanunua wale ndama siku moja, mnadani Bukundi, mmoja akachukua wa kulia, mwingine wa kushoto, wakapeana mikono kwamba hakuna atakayemwondoa wake bila ya mwenzake. Jina la Watasema alilitoa baba yenu, kwa kuwa majirani walikuwa wakisema, Masunga amezeeka sasa anacheza na ndama. Jina la Subira alilitoa Khatibu."

"Nilikuwa nimeshamjua mwenzangu," mzee Khatibu alisema. "Nikaona mmoja wetu atahitaji subira."

Mayu Milembe alitabasamu, akaomba maji. Benedikta alimnywesha kwa kijiko, akamfuta kidevu.

"Hamkumwona baba yenu akiwafundisha wale ndama, mlikuwa shuleni au pamba ilikuwa imewashika. Mimi nilimwona kila asubuhi, nikipepeta mtama. Hakukaa nyuma yao. Alikaa mbele, akarudi kinyumenyume akiwatazama machoni, huku akivuma kwa pua, mara mbili juu, mara moja chini, na wale ndama wakaifuata ile sauti kana kwamba ni kamba. Aliniambia, Milembe, ng'ombe humfuata anayemwita na humkimbia anayempiga, na mtazamaji aliye mbali huona yote mawili ni mbio. Siku ya mashindano ya mbio za mikokoteni, walipofungwa mkokoteni mtupu pale uwanja wa mnada Zagayu, walikwenda wamenyooka kama mstari wa jembe la mkulima mzuri, masikio mbele, na baba yenu akawa amewatangulia mwisho wa uwanja, hana fimbo, anavuma tu. Nilisimama nyuma ya lori la pamba nikashika mdomo. Siku ile moja, wanangu. Nimekuwa nikiitamani kuliko ninavyoutamani ujana wangu.

"Kisha akafa, na sisi wenye ng'ombe tukabaki wenye ng'ombe bila mfundishaji. Khatibu ni mtu wa minyororo na pedeli. Mimi ni mwanamke mzee. Tukamkabidhi Selestini awafundishe. Ninyi mnamjua Selestini, mdomo wake umejaa ufundi. Alisema mbio ziko tumboni, akawalisha mashudu asubuhi ya mashindano mpaka wakawa kama magunia, na Watasema alipofika katikati ya uwanja akalala chini na nira shingoni, akacheua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Selestini akasema tumerogwa. Khatibu akamuuliza, umerogwa wewe au ndoo ya mashudu? Kwa hilo tulinuniana na nyumba ya Selestini mpaka leo, na leo ninalimaliza. Nikishazikwa mpelekeeni chakula yeye wa kwanza. Hakuwa mbaya, alikuwa anapenda kusifiwa, na nani hapendi.

"Ndipo mkwe wetu akaomba."

Nje ya ukuta palisikika mtu akisogeza miguu. Benedikta alimkumbatia mtoto wake zaidi.

"Mkwe akiomba, nani hukataa? Mtu uliyempa binti, utamnyima ng'ombe? Tukampa. Na hapo ndipo tulipokosea, mimi na Khatibu, kosa ambalo watu wa mbali watalicheka: tulimweka mfundishaji ambaye mimi mwenye mali siwezi kumsemesha. Nimeuona mgongo wa Maganga kuliko nilivyowahi kuuona uso wake. Akija kwa mbele, mimi nimeshatoka kwa nyuma. Siku za mashindano nilijificha tena nyuma ya malori, lakini sasa si kwa kushika mdomo kwa furaha, ila nisikutane na mkwe, na ng'ombe wangu nikawaona kwa mbali kama ng'ombe wa watu.

"Nikaona anawageuza pande. Watasema akawekwa kushoto, ili waliokaa upande ule wazione pembe zake. Mnyama amekua kulia, amejifunza dunia akiwa kulia, unamweka kushoto! Wakazunguka kama pia, wakaingia kwa mama lishe, wakapindua wali wa watu. Nikaona anakaa nyuma yao na fimbo. Nikaona kidonda nyuma ya sikio la Watasema ambacho kila kikitaka kupona kinafunguliwa. Nikasema, Benedikta, mwanangu, mwambie mumeo asipige. Mwambie awarudishe pande zao. Mwambie baba alikuwa anavuma.

"Na Benedikta akaenda."

Benedikta aliangalia vidole vya miguu yake. Alikumbuka njia yote ya kutoka hapa hadi kwake, ile ya kupitia mashamba ya dengu, jinsi alivyokuwa akiondoka na maneno ya mama yakiwa mazito kama debe la maji, na jinsi alivyokuwa akiyamwaga kidogo kidogo njiani. Akifika alimkuta Maganga amechoka, anakuna mgongo wa Subira kwa gunzi la mahindi, anamtazama kwa macho ya mtoto aliyeleta daftari. Mama amesemaje? Naye alisema, mama anakusalimu. Anasema hongera kwa kazi. Na Maganga, kwa kufurahi, mashindano yaliyofuata alizidisha fimbo.

"Usilie," mama yake alisema. "Sikukuita hapa nikuaibishe. Nilijua. Ningekosaje kujua? Nilituma jiwe, jibu likarudi yai. Nikisema asipige, ulirudi ukaniambia, Maganga amefurahi sana mama, ameleta na michembe ya viazi. Nilikuwa ninaila ile michembe nikisema moyoni, mtoto wangu amebeba moto mikononi kati ya nyumba mbili ili nyumba zisiungue, na mikono ni yake. Ulitaka mimi nimpende mumeo na mumeo anipende mimi. Ulifanikiwa. Walioumia ni wale wasioweza kusema.

"Sasa nisikilizeni, maana pumzi inanipungukia na sitaki kurudia.

"Watasema ninampa Benedikta."

"Mama," Mwandu alisema, akainuka nusu. "Ng'ombe wa nyumba hii aende kwenye ukoo mwingine? Watu watasema nini?"

"Ndilo jina lake," mzee Khatibu alisema taratibu, na Januarius akaziba kicheko kwa kiganja.

"Kaa, baba," mayu Milembe alimwambia Mwandu. "Haendi kwenye ukoo. Anakwenda kwa Subira. Simpi Maganga, ninampa dada yako, kwa sababu nikishaondoka hatakuwa na neno la mama la kulainisha. Atasema neno lake mwenyewe, juu ya ng'ombe wake mwenyewe, nalo litakuwa zito au jepesi kama atakavyo. Na msinichinjie huyo. Nizikeni na maharage. Anayekuja msibani kwa nyama, shibe yake haitanisaidia niendako. Khatibu, Subira wako?"

"Subira yuko alipo Watasema," alisema mzee Khatibu. "Nilimpa mkono Masunga. Mkono huo sijaupata tena niutumie kwa jambo jingine."

"Kwako nina deni, na wanangu walijue. Tangu mwenzako afe hukuacha kuleta jiwe la chumvi la hawa ng'ombe, kila masika, kila kiangazi, unaliacha pembeni ya zizi unaondoka kabla sijatoka kukushukuru. Ulidhani sioni baiskeli yako. Niliona. Siwezi kukulipa. Benedikta atakulipa kwa kuwafanya wakimbie wamenyooka tena."

Mzee Khatibu aliitengeneza kofia yake kichwani, ingawa ilikuwa imekaa vizuri.

Mayu Milembe alipumzika kwa muda mrefu. Mtoto wa Benedikta alinyonya, akaacha, akanyonya tena. Kisha mgonjwa aligeuza kichwa polepole, akaelekea kidirishani, na Benedikta akadhani anataka upepo, akainuka amfungulie zaidi. Lakini mama alikuwa akisema na dirisha.

"Maganga."

Nje palisikika mtu akiinuka.

"Maganga, baba. Mimi ni mama mkwe wako, na sipaswi kulitaja jina lako, nami nimelitaja mara nyingi leo. Anayekufa husamehewa. Usiingie, kaa hapo hapo, heshima yako ninaiona hata kupitia tope la ukuta. Siku ile Benedikta alipojifungua vibaya, ulimbeba kwenye mkokoteni mpaka barabarani, ukavua shati ukamfunika jua, ukatembea mgongo wazi. Nilikuwa nyuma yenu kwa mbali. Mgongo huo ndio ninaoujua. Kwa hiyo najua mikono yako ina upole, ila hukufundishwa kuutia kwa ng'ombe. Fimbo uiache mlangoni hapa ukiondoka leo. Mrudishe Watasema kulia. Simama mbele yao, siyo nyuma. Na uvume hivi."

Alifumba macho. Ilitoka ndogo, yenye kukwaruza, mara mbili juu, mara moja chini. Januarius akageukia ukutani. Mwandu, ambaye hakuwa amelia tangu mazishi ya baba yake, alishika goti lake mwenyewe kwa mikono miwili, kana kwamba linataka kukimbia.

Kisha nje ya ukuta mwanamume akavuma. Alivuma vibaya, juu, juu, juu.

"Ya mwisho chini," mayu Milembe alisema. "Chini, baba. Kama unayemweka mtoto kitandani."

Akavuma tena. Safari hii ya mwisho ilishuka. Na ng'ambo, zizini, ambako Watasema na Subira, walioletwa na Maganga asubuhi ile, walikuwa wamefungwa kivulini, kengele ya shingoni ilisikika mara moja, kama ya mnyama aliyeinua kichwa.

"Mmesikia," mama alisema. "Mmesikia, eeh."

"Tumesikia, mama."

"Basi. Nizikeni karibu na baba yenu, kulia kwake, nilikozoea. Msinivalishe khanga mpya, ile mpya apewe Benedikta ambebee huyu. Mwandu, usimwonee mdogo wako. Januarius, uji... ukoroge kabla haujachemka. Khatibu, shukrani. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto wanaosikia. Awape mtu wa kuwatangulia akiwaita, si wa kuwafuata na... na..."

"Na fimbo, mama," Benedikta alisema.

"Eeh. Wewe sema."

Hakusema tena siku ile. Maganga alipoondoka jioni, fimbo yake ya mkwaju ilikuwa imeegemezwa mlangoni.

Mayu Milembe alifariki Jumapili, watu wakiwa kanisani. Ng'ombe aliyechinjwa msibani alikuwa maksai wa kulimia wa Maganga mwenyewe. Alimswaga peke yake kabla hakujapambazuka, bila kuombwa, na mzee Khatibu ndiye aliyemchinja.