Mzee Wembe na Jumamosi za Wajukuu

Aliyenisimulia kuzaliwa kwa marehemu ni mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema mtoto alitoka na nywele nyingi mpaka mkunga akacheka, huyu kazaliwa na kazi yake kichwani. Mimi kusoma sikujaliwa, haya nayasema kwa kinywa, mnivumilie.

Shule aliishia darasa la nne, akashika mkasi kwa mjomba wake, na tangu mwaka 1971 alinyoa watu pale nyuma ya stendi, mkamwita Mzee Wembe. Alinioa mwaka 1974, tukajaliwa binti mmoja tu, naye akaolewa, akatuletea wajukuu wawili, kisha miaka mitatu iliyopita akatutangulia, na mkwe wetu akahama na watoto, simu akawa hapokei.

Mume wangu akaenda mahakamani na suti yake ya harusi, hakimu akatupa Jumamosi moja kila mwezi, tukae na watoto pale ofisi ya ustawi wa jamii, afisa akitutazama. Tuliridhika. Siku moja mjukuu wa kiume akaja nywele zimemfunika masikio, babu yake akatoa mashine ya kunyolea mfukoni. Nikamwambia, "Mzee, mwulize baba yake kwanza." Akasema, "Mimi niombe ruhusa ya kunyoa?" Akamnyoa palepale kwenye benchi. Jioni mkwe akapiga simu mwenyewe, "Mama, mwanangu ana baba. Hamtamwona tena." Na kweli, kesi ikaanza upya.

Mwezi wa sita mume wangu akapata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, akalazwa wiki tano, mlango wa wodi ukilia anageuka, kumbe nesi. Alifariki Jumanne alfajiri, hajawaona wajukuu.

Mkwe wangu, umewaleta leo, ahsante, na nimesikia mnaondoka jioni hii hii, kabla ya maziko ya kesho. Marehemu alikosea, mtoto wa mtu hanyolewi baba yake hajaulizwa, na alitaka akwambie mwenyewe, ulimi ukawa mzito. Kesi mimi sitaiendeleza, ngazi za mahakama siziwezi. Nakuuliza mimi, mbele za watu, kama alivyopaswa kukuuliza yeye: waache walale kwangu leo wamzike babu yao, na Jumamosi nyingine waje.

Wakati anafikiri, niwashukuru madaktari na manesi, majirani mliochota maji bila kuitwa, na vinyozi wenzake mliofunga vibanda, na wewe uliyemnyoa marehemu jana, umemnyoa vizuri, asingepata la kusema, na yeye la kusema halikumkosa.

Haya, mkwe wangu ameinamisha kichwa. Mimi nimeipokea kuwa ni ndiyo, na mashahidi mko wengi kuliko wa mahakamani.

Wajukuu zangu, mnasinzia, ingieni ndani mkalale, kitanda cha mama yenu kimetandikwa. Nawe mume wangu, pumzika kwa amani, kuwaamsha asubuhi niachie mimi.