Khamisa binti Fuadi, Aliyepima Bahari kwa Ajili ya Barafu

Bismillahi. Jamaa, majirani, na wewe Daktari Mukhtar uliyechagua kukaa mbele, mimi ni Idris, mwana wa kwanza wa marehemu, familia imenituma kusoma maisha ya mama yetu katika hitima hii, na atakayekereka na akereke.

Marehemu Khamisa binti Fuadi alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa kisiwani Chovai, akasoma chuo cha Kurani papa hapa, kisha shule ya msingi Kismayo hadi mwaka 1974, ambako aliwashinda kaka zake kwa hesabu, nao hawakumsamehe. Alifanya kazi ya kukausha na kuuza papa, na tarehe 2 Juni 1984 akaolewa na Ghalib, fundi wa mashua, wakajaaliwa watoto watatu, mimi, Nuha na Tasnim. Mwaka 1991 vita vilitutupa kambini Mombasa, baba akafia huko tarehe 17 Novemba 1995, na mwaka 1998 mama akaturudisha nyumbani, tukakuta kuta tupu.

Tarehe 14 Agosti 2004 alikuja Mukhtar, mtoto wa dadake, aliyekulia Ulaya akisomea barafu ya Mlima Kenya, akamweleza kuwa bahari yetu ikipata joto kupita kawaida mvua za vuli huwa nzito na theluji huilisha barafu ya kileleni, ikipoa mawingu huadimika na jua huila, na kwamba ingawa barafu yote inaelekea kwisha, mwaka huu na mwaka ule mwendo wake hufuata bahari. Akamwachia kipimajoto na madaftari. Kwa miaka kumi na tatu mama aliteka ndoo ya maji kila alfajiri, akapima, akaandika, akampelekea nakala, huku nyinyi majirani mkiulizana kwa Kibajuni chetu ni mchu wa namna gani huyu, apima bahari homa, na leo mnalia kwa sauti kutushinda sisi wanawe.

Siku aliziandika kwa namba, kama wazee wetu walivyozihesabu, kuanzia Nairuzi, mwaka wa mabaharia unaoingia mwishoni mwa Julai. Mukhtar, Mbajuni wa baba na mama, akazihesabu kuanzia Januari. Tarehe 5 Februari 2018 ripoti yake ilitoka ikisema bahari ya Chovai na barafu ya mlimani hazina uhusiano, na kwamba vipimo vya mwanamke wa kisiwani haviaminiki. Tasnim alipomsomea, mama aliliona kosa papo hapo, kwa kuwa mchoro ulionyesha bahari ikichemka Agosti, upepo baridi wa kusi ukivuma, na kupoa kabisa Januari, jambo ambalo hata samaki wangelikataa. Mwacha mila ni mtumwa. Alimwandikia mpwawe barua tatu, akimwomba kwa adabu arekebishe hesabu, na hakujibiwa hata moja. Vuli ya 2019 bahari ilipopata joto, mito ikafurika bara na theluji ikaanguka mlimani, mama alikaa barazani akalia kwa hasira, nasi tulimwona.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2021, ukafika kwenye figo, akalazwa Kismayo tarehe 3 Mei 2025, na tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na miaka sitini na minne, akazikwa Chovai siku hiyo hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, manahodha waliomvusha bila kuombwa mara mbili, na majirani waliochimba kaburi, ambao wanajijua na ni wachache. Mwenzake wa kazi alikuwa mmoja tu, na hatuna la kumshukuru.

Huyo mwenzake alifika jana, mazishi yamekwisha, na kabla hajatoa pole alimwambia Nuha kuwa amegundua kosa lake na anayataka madaftari, yote tisa. Sisi watoto tulitaka kuyatia moto. Mama alikuwa amekataza kabla ya kufa, akausia kwamba akija kuyataka apewe, maadamu barafu ingali ipo ya kupimwa, kwa sharti kwamba asimame kwanza mbele ya watu wa Chovai na kusema kwa kinywa chake nani alihesabu sawa na nani alikosea. Madaftari haya hapa mkekani.

Mama, Mola akupumzishe kwa amani. Mukhtar, inuka.