Fahali Aliyekonda kwa Mvua

Baada ya miaka ishirini na sita ya kukanda, kukata na kuchoma udongo, Bi. Asteria Bujiku, Mama Mihayo kwetu sote, anastaafu tarehe 30 Juni 1999. Kiwanda chetu cha vigae hapa Nyasubi kinampoteza fundi mkuu. Ubishi wake hakiupotezi, maana ameshatuambukiza.

Alianza kwa kubeba maji ya kulainishia udongo. Akapanda hadi kuongoza zamu ya tanuri, na waliodhani moto utamshinda wakawa wanaripoti kwake kila asubuhi.

Mwaka 1996 Kaushik, mtoto wa mwenye kiwanda, Mzee Harish, alileta kompyuta na kutuchorea fahali wa udongo, sanamu ya kuwekwa getini. Kompyuta ilimgawa fahali vipande vyembamba kama mkate wa slesi, printa ikatoa umbo la kila kipande kwenye karatasi. Mama Mihayo alilaza karatasi juu ya udongo, akakata kwa waya, akachoma, akapanga kimoja juu ya kingine. Upepo ukapeperusha karatasi za shingo, na kadhaa akazikata zimegeuka. Ndiyo maana fahali wetu ametazama pembeni, barabarani. Alikataa kurekebisha. Alisema fahali anaangalia nani kachelewa kazini.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Kuni za kumchomea zilikuwa mbichi, fahali hakuwa ameiva sawasawa, akaanza kulika. Ng'ombe wote wa Kahama walinenepa kwa majani, wetu akakonda. Vipande vikajitokeza ubavuni kama mbavu, pembe zikawa butu, mgongo ukaota ukoga. Kaushik alinuna wiki nzima. Mama Mihayo alifurahi waziwazi, kwa sababu wafugaji waliokuwa wakienda mnadani sasa walisimama, wakamshika fahali mbavu na kumpa pole kwa Kisukuma. Zamani walimpita tu.

Ofisi ikanunua saruji ya kumpiga plasta. Mara mbili mafundi walikuja, mara mbili wakamkuta Mama Mihayo mbele ya fahali, mikono kiunoni.

"Aliyefikisha umri ni mimi," aliwaambia. "Huyu bado yuko kazini. Mvua haijamaliza naye."

Alipoulizwa anataka zawadi gani, godoro au mabati, aliomba fahali asiguswe. Mpaka tunachapa ratiba hii ya kumuaga, ofisi haijamjibu.

Basi tunajibu sisi. Mama, atakonda apendavyo. Zikibaki kwato tu, tutazipigia saluti tukiingia kazini. Mzee Harish, shikamoo, tunakuheshimu sana, lakini atakayekuja na mwiko wa plasta atatukuta tumepanga mstari, na wa kwanza mstarini ni Kaushik mwenyewe, siku hizi hanuni tena. Saruji iliyoko stoo ijenge choo tulichoahidiwa.

Wabeja sana, asante sana, Mama Mihayo. Karanga unazokwenda kulima Masumbwe zikubali, magoti yapumzike, wajukuu wakusumbue kiasi. Ukija kutusalimia utamkuta fahali wako getini, shingo kageuza, na siku hiyo aliyechelewa utakuwa wewe.